Kuku Niliyechelewa Kumpeleka

Kwa watu wa mume wangu mbwa hachukuliwi bure. Ukimtaka mbwa wa mtu unapeleka kuku, hata awe kifaranga anayeanza kuota manyoya, na mwenye mbwa akishampokea kwa mikono yake mambo yamekwisha, mbwa ni wako. Usipopeleka, mbwa huyo hata akila kwako miaka kumi ni wa yule yule wa kwanza. Mimi ni Mnyiha niliyeolewa kwa Wandali, watu walioshuka kutoka milimani Ileje kutafuta ardhi ya kahawa huku Mbozi, kwa hiyo jambo hilo nilifundishwa ukubwani. Nilifundishwa pamoja na lile jingine lililo zito zaidi: baba mkwe wangu sitamtazama usoni, sitasema naye, sitataja jina lake, na nikikutana naye njiani nitatoka njiani na kugeuzia uso kwenye majani mpaka apite.

Nayaandika haya mawili mwanzoni, maana asiyeyajua atadhani nilikuwa mjinga tu. Labda nilikuwa. Nilisoma mpaka darasa la tatu nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, na ilipokuja elimu ya watu wazima ndipo nikapata tena daftari na penseli. Nikazoea kuandika kila jioni mstari mmoja, miwili. Daftari hizo ninazo mpaka leo, panya wamekula pembe zake. Ila kuhusu mbwa nimeandika kidogo mno. "Leo amekula." "Leo hakula." Yaliyobaki nayatoa kichwani, na kichwa cha mtu, nimeona, humtetea mwenyewe. Nitajaribu kukizuia.

Tulihamishwa kupelekwa kijiji cha ujamaa wakati wa kiangazi, kahawa zikiwa nyekundu mitini. Tulikuwa tumekaa mbali na barabara, boma la baba mkwe peke yake juu ya kilima, na jirani wa karibu unamwona kwa moshi wake tu. Mume wangu alikuwa Zambia, kwenye migodi ya shaba, barua zake zikija kwa mkono wa madereva wa Tunduma. Pale kilimani tulikuwa wazee wawili, mimi, binti yangu mgongoni, na mbwa watatu. Baba mkwe alikuwa mwindaji. Mbwa wale walikuwa wa kazi, wembamba, masikio yamechanika kwa miiba, na sikumbuki kuwaona wakipigwa zaidi ya wengine. Jike mmoja alikuwa na rangi ya majivu.

Lori lilipokuja tulikuwa tumefunga vitu tangu alfajiri. Vijana wa mgambo wakapakia vyungu, mitungi, majembe, magunia ya ulezi, tenga la kuku. Mbwa wakaruka juu wenyewe, kama watu waliokwisha kulipa nauli.

"Mbwa hawapandi!" mgambo mmoja akasema, akiwasukuma kwa kitako cha bunduki.

"Mbona kuku wanapanda?" baba mkwe akauliza.

"Kuku ni mboga, mzee. Kwani wewe unakula mbwa?"

Watu waliokuwa juu ya lori wakacheka. Na mimi nilicheka, ndani ya kanga. Sina budi kuliandika.

"Basi watatufuata kwa miguu."

"Wakifika barabara kuu watakanyagwa na malori ya mafuta. Wasipokanyagwa, tutawapiga sisi. Tumeagizwa watu, mzee, hatukuagizwa mbwa."

Baba mkwe hakubishana. Alishuka, akachukua kamba ya katani, akawafunga mbwa kwenye nguzo tatu za ghala la mahindi. Mtungi mkubwa akauweka katikati, akaujaza maji, akamwaga chini ugali wote uliobaki jana yake. Nilimsikia akimwambia mama mkwe, "Kesho kutwa nitarudi kuwachukua usiku usiku, mmoja mmoja." Nataka ieleweke kwamba aliacha maji. Miaka mingi nilipolisimulia jambo hili kwa watu nilikuwa naruka hapo.

Kesho kutwa haikuwa rahisi. Kijijini, kandokando ya barabara iendayo Tunduma, tulipewa viwanja kwa mstari, na nyumba zilitakiwa zisimame kabla ya mvua. Kutoka kijijini kulihitaji kibali cha balozi wa nyumba kumi. Baba mkwe aliomba mara mbili, hili nililijua baadaye, na mara zote mbili akaambiwa mpaka vyoo viishe kuchimbwa. Mimi niliomba siku ya sita, nikasema naenda kuchuma kahawa, nikapewa papo hapo. Kahawa ilikuwa ya taifa. Mbwa hakuwa na taifa.

Nilitembea kama saa tatu. Nilipokaribia sikusikia kitu, nikafurahi, nikadhani baba mkwe amewahi kuja kuwafungua.

Wawili walikuwa wamekufa. Mmoja alikuwa amejinyonga kwa kujivuta, mwingine alikuwa amelala tu, nzi wamejaa. Mtungi ulikuwa umelala ubavu, na maji machache yaliyobaki tumboni mwake yalikuwa upande wa yule jike wa majivu, aliyefungwa nguzo ya karibu. Ndiyo yaliyomweka hai, hakuna jingine. Kamba ilikuwa imeingia shingoni hata haionekani, nyama imevimba juu yake, na ndani mna funza. Aliponiona hakuinuka. Alipiga mkia chini mara moja.

Sikujua kutibu mbwa. Nilijua kutibu mguu wa ng'ombe, maana kwetu baba alikuwa na ng'ombe. Nilichota maji mtoni, nikayatia moto na chumvi, nikailowesha kamba mpaka ilipolegea, kisha nikaikata kwa wembe uzi kwa uzi. Ilichukua mpaka jua likakaa magharibi. Aliniuma mara moja, si sana, kisha akalamba mahali aliponiuma. Nikaloweka tumbaku aliyoiacha baba mkwe darini, nikamwagia maji yake kwenye kidonda, funza wakatoka. Nikampaka mafuta ya nyonyo. Nikamlaza kwenye banda la kukaushia kahawa, maana nyumba mgambo walikuwa wamekwisha kuiezua, nikarudi kijijini na kikapu cha kahawa ambacho hakikujaa.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila siku ya pili, na kibuyu cha uji wa ulezi chini ya kikapu. Mwanzo nilimlambisha kwa kidole. Jina lake nililijua, lakini alipewa na baba mkwe, na lilikuwa jina refu la mafumbo kama majina ya mbwa wa wawindaji yalivyo, sikuona haki kulitamka. Nilimwita "Wewe."

Balozi wetu alikuwa mtu mwenye macho. Kahawa ilipokwisha kwenye miti yote ya kilima kile, mimi nilikuwa bado naomba kibali.

"Kahawa gani hii isiyoisha, mama?"

"Ni mabaki, balozi."

"Mabaki yana mkia?"

Nikamsogezea karatasi. Akatia sahihi. Nasema hivi kwa sababu nitamtaja tena, na pale mtu anaweza kumchukia.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilimleta kijijini. Manyoya hayakuota tena shingoni, palibaki mkanda wa ngozi nyeusi inayong'aa, kama kola. Watu wakamwita Wa Shingo. Nyumba yangu ilikuwa imepangwa kutazamana na ya baba mkwe, mlango kwa mlango, barabara ya kijiji katikati, hatua ishirini. Waliopanga hawakuwa watu wa kwetu, wasingeweza kujua. Nilitoboa mlango wa nyuma nikawa natokea jikoni kama mwizi. Lakini mbwa hajui mwiko wa mtu. Asubuhi ya kwanza alipomwona baba mkwe amekaa kizingitini alivuka barabara mbio, mkia unamzungusha mwili mzima, akamlamba mikono.

Nilichungulia kwa ufa wa dirisha, macho nimeyashusha kwenye miguu yake. Nilitaka mbwa atetemeke. Nilitaka ajifiche. Yule mzee aliuondoa mkono taratibu, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mbwa akakaa pale nje mpaka jua likawa kali. Nikafikiri: ana aibu. Kisha nikafikiri: hana aibu, amechukia kwamba nimemchukua. Sikuweza kuuliza.

Mwaka huo mbwa wengi walizagaa. Watu waliotoka mabomani waliwaacha kule, na mbwa wakawafuata kwa harufu, siku tatu, siku nne njiani, wakafika mifupa mitupu kwenye kijiji ambacho ua wa kila mtu ulikuwa umebanana na wa mwenzake. Wakaiba, wakapigwa. Mmoja alimwagiwa maji ya moto na mwanamke ambaye alikuwa na watoto watano na samaki mmoja mkavu, na huyo mbwa alikuwa amekula nini kama si yule samaki. Siwezi kumhukumu. Daftari linasema nilitunza mbwa saba, kichwa changu kinasema zaidi, nafuata daftari. Watano walikufa. Sikuwa na dawa, nilikuwa na chumvi, tumbaku, mafuta ya nyonyo na makoko ya ugali. Nadhani wawili kati ya hao niliwaongezea mateso tu kwa kutokubali wafe.

Bombani, tulipochota maji, wanawake wenzangu walinitania.

"Mama Mbwa, watoto wameamkaje?"

"Wameamka, wanawasalimu."

"Mume yuko Zambia anachimba shaba, mke yuko huku anachimba funza! Mtajenga ghorofa nyie."

Nilicheka nao. Ilikuwa inachekesha.

Huyu wa mwisho kati ya saba, Kiguru, alipatikana hivi. Lori la mfanyabiashara wa Tunduma, mtu wa pwani, Mwislamu, lilimgonga mbwa pale mbele ya ghala la kijiji. Wengi hawasimami. Yeye alisimama, akashuka na kanzu yake, akasimama mbali kidogo akitazama mbwa anavyojizungusha na mguu wa nyuma unaoning'inia.

"Mama yangu, mimi huyu siwezi kumshika, nina udhu. Lakini maji ya kumnywesha ninayo." Akateremsha dumu. Akatoa na kipande cha turubai nimbebee.

Nikamwambia kwamba mbwa ni mali yake sasa, amemwaga damu yake, nikimchukua lazima nimpe kitu. Kuku sikuwa naye mkononi, nikampa kibakuli cha maharage niliyokuwa nimetoka nayo shambani.

Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Subhana! Leo nimeuza mbwa! Mama, ukifika Tunduma usimwambie mke wangu." Lakini aliyapokea kwa mikono miwili. Mguu ulikatika wenyewe baada ya wiki tatu, Kiguru akajifunza kukimbia kwa mitatu.

Nikawa na mbwa wawili, mmoja wangu kwa maharage, mwingine wa baba mkwe.

Mama mkwe ndiye aliyelisema. Yeye nilikuwa nasema naye vizuri, na yote ya upande wa pili wa barabara yalinifikia kwa mdomo wake. Alinikuta napepeta ulezi.

"Mwanangu, kuku wa yule mbwa uliwahi kupeleka?"

"Bado, mama."

"Peleka. Mzee hatasema, lakini anahesabu. Nipe hata kile kijogoo chako chenye kichwa kipara, nitavuka nacho mimi."

"Kuku wangu wanaatamia, mama. Wakitotoa."

Walitotoa. Nikasema kideri kimewapitia. Kweli kilipitia, kikaua wanne, lakini walibaki watatu. Akaniuliza tena wakati wa kupalilia, na tena wakati wa mavuno. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa kweli nusu. Sababu yenyewe sikuiandika hata kwenye daftari, kwa kuona haya. Nilikuwa najiambia: nimpe kuku kwa lipi? Aliyemfunga mpaka nyama ikaota juu ya kamba, nimlipe mimi? Kwanza aseme kwamba amekosa. Na nilijua kwamba hawezi kusema, kwa sababu mimi ndiye mtu mmoja kijiji kizima ambaye hawezi kusema naye. Nilimdai kitu ambacho mila ilimziba mdomo asikilipe. Hivyo ukapita mwaka mzima na miezi.

Kisha kikaja kichaa cha mbwa. Kilianzia vijiji vya upande wa Ruanda, huku huku Mbozi, hivyo tuliambiwa. Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli, tukaitwa wote kwenye uwanja wa ofisi ya chama saa nne asubuhi, kila mtu na mbwa wake kwa kamba. Wanaume kwenye magogo, wanawake chini upande wa pili.

Bwana mifugo hakuwa mtu mkali. Alisema amemwona kwa macho yake mtoto aliyeumwa na mbwa. Zahanati haikuwa na sindano. Mtoto alikuwa anasikia kiu, akiletewa maji anapiga kelele. Alipofika hapo alitazama kofia yake. Niliamini, na mpaka leo naamini. Mimi mwenyewe nilimvuta binti yangu karibu.

Amri ilikuwa hii: kila mbwa lazima awe na mtu atakayesimama mbele ya kijiji na kusema "ni wangu", jina lake liandikwe, mbwa afungwe mchana na usiku, na akiuma, huyo mtu ajibu. Mbwa asiye na mtu auawe siku hiyo hiyo.

Nilisimama na Kiguru. "Huyu ni wangu."

"Ulimpata wapi?" balozi aliuliza, ingawa alijua.

"Nilimpa mwenye lori maharage."

Uwanja ukacheka. "Huyo ana mtu," balozi akasema, akaandika.

Wewe alikuwa amelala kwenye pindo la kanga yangu. Sikuwa nimemfunga kamba. Tangu siku ile ya wembe sikuwahi kumfunga.

"Na huyu Wa Shingo?" balozi akasema. Kwa heshima akamgeukia kwanza baba mkwe. "Mzee, huyu si mmoja wa wale wako watatu?"

Baba mkwe akainuka. Nilijua ni yeye kwa mlio wa fimbo yake. Mimi nilikuwa nimeshajifunika kanga mpaka puani.

"Mbwa wangu walifia kule tulikotoka," alisema. "Mimi sina mbwa." Akakaa.

Yalinichoma maneno yale. Nilisikia mtu anayejivua lawama. Nikasema moyoni, hata leo, hata mbele ya kifo cha mbwa huyu, hamtaki.

"Basi mama, ni wako," balozi akasema. "Sema tu."

Wote wakanitazama. Ilikuwa neno moja. Lakini kulisema, kwa sauti, hatua kumi kutoka alipokaa yule mzee, juu ya kitu ambacho hajawahi kunikabidhi, na ambacho sikukitolea hata unyoya... Nataka kusema kwamba mila ilinishika koo. Ilinishika, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia. Nilitaka watu wasikie kwamba mimi si mwizi wa mbwa, kwamba mimi nasema kweli. Nilijali usafi wangu. Nikamnong'oneza mwanamke aliyekaa kando yangu, naye akasema kwa sauti:

"Anasema hakutoa kuku."

"Kuku gani?" bwana mifugo akauliza. Alikuwa mtu wa mbali. Wakamweleza wawili watatu kwa pamoja. Alinigeukia taratibu. "Mama, serikali haiulizi kuku. Nakuuliza mimi: ni wako au si wako?"

"Sikutoa kuku," nikasema mwenyewe.

"Ni wako au si wako?"

"Siwezi kusema ni wangu."

Aliniuliza mara ya tatu, kwa upole zaidi, kama anayemwonyesha mtoto mahali pa kukanyaga. Nikatikisa kichwa. Akaandika.

Mgambo walipomsogelea alikimbia, akaingia chini ya sakafu ya mbao ya ghala. Wakachokoa kwa fito, wakaita, wakamtupia ugali. Hakutoka. Jua likapanda. Balozi akanifuata pale nilipokuwa nimekaa.

"Mama, tusaidie. Akitorokea porini atakutana na wenye kichaa, halafu ataturudia hapa kwenye watoto. Unaliona hilo?"

Nililiona. Niliinama kwenye uwazi nikasema, "Wewe."

Akatoka kwa tumbo, vumbi tupu, mkia unapiga. Kamba nilimvisha mimi. Niliiweka juu kidogo ya lile kovu, isimchome. Nikampeleka nyuma ya ghala, nikamkabidhi kijana wa mgambo, nikapita upande wa mbele nikasimama na mikono mitupu. Risasi ilikuwa moja. Yule kijana aliporudi alisema, "Pole, mama." Hilo nililiandika jioni ile: "Amesema pole."

Asubuhi yake, kabla jua halijachomoza, nilichukua jembe nikaenda kumzika, nisimwache kwa fisi. Njia ya nyuma ya ghala ni nyembamba, nyasi pande zote. Niliona kwa mbele miguu inakuja, na ncha ya fimbo, na jembe lenye udongo mbichi. Nikatoka njiani, nikageuzia uso majani, nikasubiri apite.

Hatua zilifika nyuma yangu zikasimama. Zilisimama muda mrefu. Nilisikia anavyopumua, pumzi ya mtu mzee aliyetoka kuchimba. Umande ulikuwa unanidondokea kichwani. Kisha zikaondoka.

Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa, refu, limepangwa mawe juu. Nikabaki na jembe langu.

Mchana mama mkwe alikuja jikoni akakaa bila kuniamkia.

"Mwanangu, mzee alikupa mbwa jana mbele ya watu wote. Ukamtupia."

"Alisema hana mbwa, mama. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Angesemaje? Akisema ni wake, basi ni wake. Alisema hana ili ukisema wewe asiwepo wa kukupinga. Na kuku asihitajike tena. Usiku kucha anauliza, nilimkosea nini yule mtoto hata akanirudishia hivyo?"

"Mbona hakunijulisha mapema?"

"Akujulishe kwa mdomo gani, mwanangu? Na wewe ungemsikia kwa sikio gani?"

Nilitoka nje, nikamwaga mtama kidogo, nikamkamata mtetea mweusi aliyekuwa ameanza kutaga, aliye bora kuliko wote niliokuwa nao. Nikamfunga miguu kwa uzi wa kanga, nikampa mama mkwe. Alinitazama kama anayetaka kusema kwamba saa imepita, lakini akamchukua akavuka barabara. Nilisimama nyuma ya ufa wa dirisha. Niliona mikono tu ikitoka mlangoni, ile mikono aliyoilamba, ikampokea kuku, miwili yote.

Hakumchinja. Miaka yote mpaka alipofariki yule mzee kuku yule alikuwa analala juu ya banda la kuni mbele ya mlango wake, na mayai yake hawakuyala. Mama mkwe aliniambia wageni wakija alikuwa anawaagizia kuku wa jirani. Kiguru alikuwa anavuka barabara kwa miguu yake mitatu na kwenda kulala pale chini ya banda, sijui ni kwa sababu ya kivuli. Hakumfukuza.

Nimefungua daftari la siku ile kabla ya kumaliza kuandika hapa. Nilitegemea kukuta maneno mengi. Kuna mstari mmoja kwa penseli, herufi zangu mbaya za darasa la tatu: "Nimepeleka kuku." Sikuandika ni kuku wa nini. Nadhani niliogopa kwamba siku moja mtu atasoma na kuniuliza alipo mbwa.